Vuli ya Mlimani Nayo ni Yetu

Watu wengi wa pwani wanaoishi Kariobangi huijua njia moja tu ya safari. Idi ikikaribia, au arusi ikitangazwa kwao, hufunga mizigo wakapanda basi la usiku kuelekea Mombasa, Malindi au Lamu. Jambo hilo ni jema, kwani kuunga udugu ni wajibu. Lakini yasikitisha kuona mtu akikaa Nairobi miaka ishirini, akalea na watoto, asiwahi hata siku moja kushika njia ya kaskazini, kuliko na milima.

Sababu tunazozisikia ni mbili: huko ni baridi, na huko si kwetu. Ya kwanza ni kweli, na dawa yake ni sweta. Ya pili yafaa kujibiwa.

Wakati mzuri wa safari hiyo ni vuli, kuanzia Oktoba. Ukitoka Kariobangi baada ya swala ya alfajiri, ukafuata Outer Ring mpaka barabara ya Thika, jua litachomoza nawe umeuacha nyuma moshi wa karakana. Upande wa Thika mananasi yametandazwa kama jamvi. Kisha udongo huwa mwekundu, vilima huanza kupandana, na mibuni hujipanga miteremkoni. Katika nchi za baridi, watu hufunga safari kwenda kutazama majani yakigeuka mekundu kabla ya kupukutika. Kwetu wekundu wa vuli ni wa buni zilizoiva, maana huu ndio msimu wa mavuno makubwa ya kahawa. Wangapi kati ya wazee wetu wanaokunywa kahawa chungu barazani kila jioni wamepata kuuona mti wake?

Ukifika Karatina, nayo asubuhi ikiwa safi, Mlima Kenya hujitokeza wote, mita 5,199, vilele vyake vyeusi vikiwa na weupe wa theluji. Anayeuona mara ya kwanza hunyamaza, kisha hutamka Subhanallah. Asichelewe njiani, kwani jua likipanda, mlima hujifunika mawingu kama bibi arusi.

Sasa turudi kwa hao wasemao si kwetu. Maji ya mlima huo hushuka kwa mito kama Sagana na Thiba, yakaingia Tana, nayo Tana haitui mpaka baharini, Kipini. Mchele wa pishori tunaoupikia pilau na biriani hulimwa Mwea kwa maji hayo hayo. Mabwawa ya Kindaruma, lililoanza kazi mwaka 1968, na Masinga la mwaka 1981, yamejengwa juu ya mto huo ili kutupatia umeme. Anayeukana mlima, basi na aikane sinia yake na taa yake.

Ndiyo maana hali ya mlima yatuhusu. Barafu yake imepungua mno katika miaka mia iliyopita, na msitu ukikatwa huko juu, mkulima wa huku chini hupata ukame leo na mafuriko kesho. Marehemu Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri aliyeanzisha kampeni ya kupanda miti mwaka 1977, alilihubiri jambo hili maisha yake yote. Lakini mtu hulinda anachokipenda, na hapendi asichokijua.

Twawasihi wazazi wa Kariobangi, pamoja na walimu wa madrasa, walitie jambo hili maanani. Vikundi vinavyokodi basi kwenda Maulidi ya Lamu vyaweza kukodi jingine la kwenda Nyeri na kurudi siku hiyo hiyo. Huko nako kuna Majengo, na kuna misikiti. Mgeni hatakosa wa kumwitikia salamu. Tumetakiwa tuizingatie milima jinsi ilivyosimikwa. Watoto wetu wasiishie kuiona katika kalenda za ukutani.