KOBE WETU ATAKULA NINI WAKATI WA VAKANSI?



Tunaandika maneno haya sisi makapita wa internati, tena tunaomba msiyasome kama mchezo, hata kama ni maneno ya kobe.

Wote mnakumbuka namna kobe wetu walivyofika hapa. Mwaka uliopita wenzetu wa biolojia-kemia waliwakuta wawili sokoni, wamefungwa kamba kandokando ya mafungu ya makemba, wakingoja sufuria. Walichangisha pesa, wakawanunua, wakawaleta kwa toleka. Siku ile tuliimba. Tukawajengea ua nyuma ya bweni. Leo kobe amebaki mmoja.

Yule mwingine alikufa wakati wa vakansi kubwa. Siku za masomo alipewa vitu kupita kiasi: fufu, wali, mkate, maharagi, vyote visivyo chakula cha kobe. Vakansi ilipofika, kila mtu alifunga valizi yake na kusema moyoni, "Ile iko kazi ya wengine." Tuliporudi tulikuta gamba na mchwa. Na ufunguo wa ua ulikuwa kwa nani? Ulikuwa kwetu sisi makapita. Hatutaki kuficha neno hilo.

Sasa kuna wazo linalozunguka katika madarasa. Mwenzetu mmoja aliletewa kutoka Bukavu vipande vinne vya kaktusi, ile bapa yenye miiba, ambayo watu wa pwani wanaiita mpungate. Anasema: tuipande, tujaze kikapo mbele ya vakansi, na kobe atashiba mpaka tutakaporudi. Wengi wamefurahi: "Basi, mambo imeisha!" Sisi tunasema: haijaisha.

Tusimnyime mwenzetu haki yake. Wazo lake lina akili. Mmea huu ulitoka Amerika, na katika visiwa vya Galápagos kobe wakubwa sana wanakula vipande vyake na matunda yake. Sehemu kubwa ya kipande ni maji, tena ndani mna kalsiamu, ambayo kobe anaihitaji kwa kujenga gamba. Kipande kizima, kisicho na jeraha, kinaweza kukaa majuma kadhaa kikapuni, kivulini, mahali penye upepo. Lengalenga haiwezi kufanya vile. Ukiikata asubuhi, jioni imelala. Kupanda pia si kazi ngumu: kata kipande, kiache kivulini siku 7 au zaidi mpaka kidonda kikauke, kisha kisimamishe katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Usikimwagilie kila siku. Kitaota mizizi chenyewe.

Lakini tuna maneno matatu ya kusema.

La kwanza ni juu ya inchi yetu. Hapa Kisangani tuko karibu kabisa na ekweta. Kwa mwaka mvua inapita milimita 1.500, na hakuna mwezi unaokauka kweli. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuweka kaktusi katika mfuko wa plastiki huku Tshopo! Basi tukipanda, tupande katika sanduku lenye matundu chini, chini ya paa la baraza, jua lifike lakini mvua isifike. Na mbele ya kumpa kobe, miiba ipite juu ya moto wa mbabula, hasa ile midogo kama manyoya, sababu inaingia mdomoni na haitoki. Tena angalisho kubwa: mimea mingi ya Afrika inafanana na kaktusi lakini si kaktusi. Ukiikata na maziwa meupe yakatoka, itupe na unawe mikono. Yale maziwa ni sumu, yanachoma macho.

La pili ni juu ya kobe mwenyewe. Kobe wetu si wa jangwa. Mtazame mgongo: gamba lake lina bawaba nyuma, anaweza kufunga mlango juu ya miguu yake. Huyu ni kobe wa msitu, wa majani yaliyooza na kandokando ya maji. Kule anakula uyoga, matunda yaliyoanguka, konokono, minyoo na wadudu. Kumlisha kaktusi tupu ni kama kumpa Mgenia miezi miwili bila samaki. Kipande kidogo mara moja moja, sawa. Lakini meza yake iwe ya kwake: papai, matembele, lengalenga, uyoga ambao mama zetu wanaujua, na konokono waliookotwa mahali pasipo dawa za wadudu. Sombe mbichi tusimpe hata kidogo, sababu majani ya muhogo yana sumu mpaka yapikwe.

La tatu ndilo zito. Kobe wa kwanza hakufa kwa kukosa kaktusi. Miti ya mapapai iko mita 20 kutoka ua wake. Alikufa sababu hakuna mtu aliyekuja. Kikapu hakitembei, hakifungui mlango, hakibadilishi maji. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, kuna kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Chakula hakikukosekana pale. Lakini ulinzi ulipolegea, watu waliwaiba mpaka wakabaki wachache sana. Walipowekewa uzio na walinzi, wakaongezeka tena. Ni watu waliowaokoa, si majani.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Sanduku moja la kaktusi lipandwe, na mwenzetu aliyeleta vipande awe mkubwa wake. Matuta mawili ya matembele yalimwe kando ya ua, sababu matembele yanaota upesi na yanavumilia mvua. Na mbele ya mitihani, orodha ya wanafunzi wanaobaki mjini ibandikwe mlangoni: Makiso, Kabondo, Mangobo, kila mmoja na siku zake. Majina ya kwanza yatakuwa yetu makapita, ingawa sisi tunamaliza masomo na tungeweza kusema hayatuhusu tena.

Na kama orodha haitajaa? Hapo tuwe na ujasiri wa kusema kweli. Tumwombe mwalimu wa biolojia atuongoze, na kobe arudishwe msituni, mbali na mitego. Kumtoa katika sufuria ya mtu na kumuua kwa njaa katika ua wetu si wokovu. Ni sufuria nyingine, yenye moto wa polepole.

Jumapili iliyopita tulikuta kijana mmoja mdogo wa mwaka wa 7 ameinama uani na kipande cha papai. Tulimuuliza nani amemtuma. Akajibu, "Hakuna. Nilipita tu, nikaona maji iko chafu."

Jina lake tutaliomba kwa orodha. Yako je?

Kwa niaba ya makapita wa internati,
Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho