Kovu Libaki

Msimu wa diploma umefika, na studio za picha hapa Lubumbashi zimejaa wafinalisti. Nasikia wenzangu wakishauriana juu ya joho, rangi ya tai, na siku ya kusuka nywele. (Zisukwe siku mbili tatu kabla, kichwa kisije kikakuuma ukanuna mbele ya kamera.) Mashauri mazuri. Lakini kuna jambo hatulitayarishi: maneno tutakayomwambia mpiga picha.

Mwaka uliopita yaya yangu alipiga picha ya diploma katika studio moja ya mjini. Picha ilitoka inang'aa kweli. Kovu la kwenye paji la uso, alilolipata utotoni alipoanguka na ndoo ya maji, halikuwapo tena, na ngozi yake ilikuwa imefanywa nyeupe. Tuliipeleka Likasi kwa nkambo. Akaitazama kitambo, kisha akauliza: "Huyu ni mtoto wa nani?" Tulicheka sote, ila yaya.

Alipokwenda kulalamika, mpiga picha alimjibu kwamba alimsafisha tu. Sisi wa kitivo cha lugha tungelichunguza neno hilo. Zamani za filamu, kusafisha picha kulikuwa kuitia filamu katika dawa ili kilichopigwa kionekane. Leo maana yake ni kukiondoa kilichopigwa. Tena anayesema ameusafisha uso wako amekwisha kusema kwamba ulikuwa na uchafu.

Wengine husema uso mweusi hutoka giza, kwa hiyo lazima ung'arishwe. Tatizo ni mwanga. Ukivaa shati jeupe, kamera iliyoachwa ijipimie yenyewe hupima weupe wa shati, uso ukabaki gizani. Dawa yake ni kupima mwanga usoni, au kusogeza taa. Ugonjwa huu ni wa zamani: Kodak ilizigawia maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mashine zimebadilika. Je, sisi?

Najua nitajibiwa kwamba watu wamejipamba studioni tangu zamani. Ni kweli. Huko Bamako, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na wateja wake waliazima suti, saa, hata redio, vyote vya studio. Suti ya kuazima sina neno nayo. Baada ya picha inarudishwa. Uso wa kuazima ndio unaotundikwa ukutani sebuleni, na siku ya matanga ndio unaowekwa mbele ya waombolezaji.

Zamu yangu ni Ijumaa. Nimekwisha kupita kwa mpiga picha kumwambia: kovu la kidevuni libaki, rangi ibaki, na niione picha kwenye kompyuta kabla haijachapwa. Akacheka, akasema bei haitapungua kwa sababu hiyo.