Nyama ya porini: tukiificha, tunajiumiza wenyewe



Siku moja nikipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu, nilimkuta baba mmoja amefunga mkono kwa kitambaa. Mkono ulikuwa umevimba, na kidonda kilikuwa cheusi katikati, lakini alisema hakimuumi. Nikamwuliza kimeanzaje. Akajibu: "Ni mwiba tu, mwanangu." Mke wake akatazama chini.

Baada ya siku mbili yule mama alinifuata bombani, akaniambia ukweli. Mume wake alitoka safari ya siku nne porini, na nyama aliyoleta ilikuwa ya mnyama waliyemkuta amekwisha kufa. Tulimkimbiza kituo cha afya, akatibiwa kimeta, akapona. Lakini zile siku mbili zingeweza kumwua.

Kwa nini alinidanganya? Si kwa ujinga. Aliogopa kukamatwa, maana hapa Uganda kuwinda bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2019. Aliona fulana yangu akadhani nami ni askari.

Mabango yetu yanasema "Usile nyama ya porini", basi. Mimi naona hayatoshi. Njaa ipo: mgao wa chakula ulipunguzwa 2023, na mwaka 2025 wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Wenzetu wa kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania walipita njia hii. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya 2008 ilieleza kwamba huko nyama ya porini ilipewa jina la mchicha wa usiku, kwa sababu ilipikwa gizani. Katazo halikuiondoa nyama. Liliificha tu.

Na kuificha ndiko kunakozidisha hatari. Fikiria safari yenyewe. Mnyama anachunwa haraka kwa mikono mitupu, na damu inaingia kwenye michubuko. Ebola inaweza kumwingia mtu kwa njia hiyo, kabla nyama haijafika jikoni. Kisha nyama inafungwa ndani ya gunia la plastiki ili isionekane, inabebwa juani siku mbili au tatu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kiwekwe kwenye baridi mapema. Moshi nao hukausha juu, ndani inabaki mbichi. Mwisho inafika usiku, mtoto anashika tochi, kisu hicho hicho kinakata mboga, na nyama inaivishwa nusu ili harufu isifike kwa jirani.

Mnyama aliyekutwa amekufa ni hatari zaidi. Mbegu za kimeta hazifi kwa moshi, na hata kuchemsha kwa kawaida kunaweza kuziacha hai. Mwaka 2004 viboko zaidi ya 200 walikufa kwa kimeta katika mbuga ya Queen Elizabeth, na Aprili 2025 wengine karibu 50 walikufa ng'ambo ya mpaka, Virunga.

Kuna watakaosema nawafundisha watu kuwinda. Hapana. Sheria ni sheria, na usalama wa kweli ni kuiacha nyama hiyo. Lakini mgonjwa anayetuficha hatuwezi kumsaidia.

Kwa hiyo, mama, nyama ikifika mlangoni, uliza: mnyama alikuwa hai au mlimkuta amekufa? Imekaa njiani siku ngapi? Jibu likikutia shaka, usiipike, usimpe mbwa, watoto wasiiguse, tuite. Na mtu wa nyumbani akipata homa ndani ya siku 21, au kidonda cheusi, mwambie mganga mapema kuhusu ile nyama.

Wahudumu wenzangu, tukiingia nyumbani mwa mtu tuanze kwa kumwambia kwamba hatukuja kukamata mtu. Na ninyi viongozi wetu, nawaomba mtamke hadharani, kwenye mkutano, kwamba mgonjwa anachomwambia mhudumu wa afya kinabaki kwa afya. Daftari langu lina ukurasa wa homa, wa kuhara na wa wajawazito. Halina ukurasa wa wawindaji.