Soma Chupa Kabla Hujatia Tone

Ni chupa ndogo ya matone ya macho. Katika maduka mengi ya dawa unaipata bila cheti cha daktari. Bei yake si kubwa, na inafanya kazi upesi: jicho lililoamka jekundu leo, kesho kutwa ni jeupe.

Chupa hiyo inaweza kupofusha.

Si kila chupa ya matone. Ni ile yenye steroidi. Igeuze usome maandishi madogo ubavuni: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni. Kwa Kiingereza, majina hayo huishia na “sone” au “lone”. Mara nyingi dawa hiyo imechanganywa na ya kuua bakteria, na mnunuzi hudhani amepewa ya kuua bakteria peke yake.

Steroidi ni dawa halali. Madaktari wa macho huitumia baada ya upasuaji na kwa uvimbe wa ndani ya jicho, huku wakimpima mgonjwa kila mara. Hatari ni kuitumia bila kupimwa.

Na hatari hiyo huanza na jambo dogo. Mtoto anawashwa macho kila vumbi linapotimka. Anayafikicha mpaka kope zinavimba. Ni mzio, ugonjwa wa kawaida kwa watoto wetu. Mama ananunua matone, mwasho unakatika. Chupa inaisha, mwasho unarudi. Ananunua nyingine. Kisha nyingine.

Ndani ya jicho, presha inapanda.

Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupandwa na presha ya macho akitumia matone ya steroidi wiki kadhaa mfululizo. Mtoto hasikii maumivu, kwa hiyo halalamiki. Presha inaumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na uoni unaanza kufa pembeni, polepole. Mzazi anakuja kushtuka mtoto anapojigonga milangoni.

Mshipa huo ukifa, haurudi. Miwani haiurudishi. Upasuaji hauurudishi. Dawa ya presha ya macho hulinda kilichobaki tu.

Steroidi hiyo hiyo huleta mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Ugonjwa huo angalau unatibika kwa upasuaji.

Sasa mtazame mkulima. Jani la mpunga limemkwaruza jicho shambani, na kuvu wameingia kwenye mkwaruzo. Anatia steroidi. Wekundu unapungua, naye anadhani amepona. Kumbe kinga ya jicho imelazwa usingizi na kidonda kinachimba. Mwisho wake ni kovu jeupe, au jicho kutoboka. Mtu alikwenda shamba na macho mawili, amebaki na chongo.

Tiba za nyumbani nazo zina hatari yake. Januari 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitoa tahadhari kuhusu mlipuko wa macho mekundu uliolikumba jiji la Dar es Salaam. Mlipuko mwingine utakuja. Ugonjwa huu huenea kwa mikono na taulo. Na ukija, ushauri wa mtaani utakuja nao: chai ya rangi, chumvi, maziwa ya mama, hata mkojo. Usitie chochote kati ya hivyo. Hakuna kinachoua virusi, na vingine hupeleka bakteria moja kwa moja kwenye jicho lililokwisha kudhoofika.

Macho mekundu ya virusi kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Nawa mikono kwa sabuni. Tumia taulo lako peke yako. Futa tongotongo kwa kitambaa safi na maji safi.

Chokea, kile kijipu cha kwenye ukingo wa kope, hakihitaji steroidi. Kikande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku. Usikikamue. Kikirudi mara kwa mara mahali pale pale, kaonyeshe.

Mzio una dawa zisizo na steroidi. Mtaalamu wa macho atakuandikia. Wakati huo, kitambaa cha maji baridi hupunguza mwasho, na mtoto azuiwe kufikicha.

Zipo dalili zisizongoja kesho:

Maumivu makali ya jicho.

Uoni uliopungua ghafla.

Mwanga unaoumiza.

Doa jeupe juu ya cheusi cha jicho.

Kope iliyovimba pamoja na homa, au jicho linaloanza kutokeza nje.

Usaha kwenye macho ya mtoto mchanga. Huyu asilale nyumbani. Maambukizi ya kisonono aliyoyapata wakati wa kuzaliwa yanaweza kutoboa jicho lake ndani ya siku chache.

Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipitie dukani kwanza.

Kwa muuza dawa: usimpe mtu steroidi ya macho bila cheti. Unauza chupa moja. Yeye analipa kwa macho yake.

Kwa jirani mwema: usigawe matone yako. Jicho jekundu lina sababu nyingi, na dawa iliyokuponya wewe inaweza kumpofusha mwenzako.

Kwa mzazi: leo kabla ya kulala, toa chupa zote za matone zilizomo nyumbani. Soma majina. Iliyofunguliwa zaidi ya wiki nne, usiitumie tena. Na kama mtoto amekuwa akitiwa steroidi kwa wiki kadhaa bila daktari, kesho asubuhi mpeleke kliniki ya macho akapimwe presha. Nenda na chupa hiyo. Useme ukweli ameitumia muda gani.

Presha ikigunduliwa mapema, macho ya mtoto yanaokolewa. Ikichelewa kugunduliwa, hakuna wa kuyarudisha.