Mlinzi wa Mtandao Asilale Ndani ya Nyumba Anayoilinda

Wazee wetu walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Usemi huo ulikusudiwa duka na shamba, lakini hivi leo unauhusu pia mtandao wa kompyuta wa Serikali. Mwananchi analipa ada zake kwa mfumo wa ZanMalipo, kitambulisho chake kimo katika kompyuta, na mitambo inayoyabeba yote hayo imetawanyika Unguja na Pemba. Ikiwa hapana chombo kinachoiangalia mitambo hiyo usiku na mchana, basi habari ya kuharibika kwake haitaletwa na fundi. Italetwa na mzee aliyekwishasimama dirishani tangu asubuhi.

Chombo hicho kipo, nacho ni programu ya uangalizi wa mtandao. Kila baada ya dakika chache huiuliza kila ruta, swichi na seva: u mzima? Diski yako imejaa kiasi gani? Njia yako inapitisha habari kiasi gani? Mengi ya maswali hayo huulizwa kwa lugha ya mitambo iitwayo SNMP, ambayo imetumika tangu mwaka 1988. Jibu likichelewa, fundi hupelekewa taarifa. Linalobaki kuamuliwa ni mambo mawili: programu hiyo iwekwe juu ya mfumo endeshi gani, na seva zake zipangwe vipi. Asije ofisa yeyote akadhani kuwa haya ni ya mafundi peke yao. Ni mambo ya fedha za umma, ya usalama na ya kujitegemea.

Tuanze na mfumo endeshi. Kuchagua programu ya uangalizi ni kuchagua pia udongo inamoota. Seva ya PRTG huwekwa juu ya Windows. Seva ya Zabbix, programu iliyotungwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2001, huwekwa juu ya Linux na ndugu zake, wala haiwekwi juu ya Windows. Kwa maoni yetu, visiwa vyetu vichague Zabbix juu ya Linux. Haina ada ya leseni, maandiko yake ya ndani yako wazi kwa kila mwenye elimu ya kuyasoma, na kijana wetu anaweza kuifunza bila ya kuomba ruhusa kwa mtu.

Lakini haitoshi kutamka neno Linux na kunyamaza. Walioweka CentOS 8 waliahidiwa matunzo hadi mwaka 2029. Disemba 2020 wakaambiwa kuwa yatakoma mwisho wa mwaka 2021. Windows Server 2012 nayo ilifikia ukomo wa matunzo yake Oktoba 2023. Mfumo usiotengenezwa tena ni mlango usiokuwa na komeo. Kwa hiyo tunapendekeza Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, isiyomilikiwa na kampuni yoyote, na ambayo kila toleo lake thabiti hutunzwa kwa muda wa miaka mitano hivi. Tarehe ya kumalizika kwa matunzo hayo iandikwe katika mpango wa ofisi siku ile ile seva inapowekwa, ili fedha za kuhamia toleo jipya ziombwe mapema.

Wapo watakaosema kuwa maofisa wetu wamezoea Windows. Ni kweli, wala hapana anayewataka waiache. Wakala mdogo wa Zabbix hukaa vizuri ndani ya kompyuta za Windows na kupeleka habari zake kwa seva. Wapo pia watakaosema kuwa cha bure hakina mwenyewe, na siku kikiharibika hapatakuwa na wa kuulizwa. Hoja hiyo ina uzito. Kisicho na ada ya leseni hakikosi gharama: kinataka fundi aliyesoma, anayelipwa na asiyehamishwa kila mwaka. Ndiyo maana tunasema kuwa fedha zitakazookolewa katika leseni zisirudi katika mfuko wa safari na semina, bali zisomeshe vijana wetu. Uwezo wanao. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu maandiko ya programu hiyo yalikuwa wazi.

Sasa tuje katika mpangilio wa seva, ambapo hapo ndipo makosa makubwa hutendeka. Tarehe 4 Oktoba 2021 mtandao wa Facebook ulizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kazi ya kuurudisha ilikuwa nzito kwa kuwa vyombo vya ndani vya mafundi vilitegemea mtandao ule ule uliozimika. Funzo lake ni kuwa mlinzi asilale ndani ya nyumba anayoilinda. Seva ya uangalizi isiwekwe katika chumba kimoja, umeme mmoja na njia moja na seva inazoziangalia. Taarifa za hatari nazo zisitegemee barua pepe ya mtandao huo huo. Ziende kwa ujumbe wa simu kupitia modemu yenye laini yake.

Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022, Zabbix inaruhusu seva mbili kufanya kazi kwa zamu, moja ikianguka nyengine inashika. Ni jambo jema, ila seva mbili hizo hutumia hifadhidata moja. Ofisa anayenunua seva mbili na kuiacha hifadhidata peke yake amejenga nyumba yenye milango miwili juu ya nguzo moja. Hifadhidata iwe na mashine yake, na nakala yake ikae jengo jengine, na nakala hiyo ijaribiwe.

Kuhusu Pemba, tusijidanganye. Unguja inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na Pemba kutoka Tanga. Hapana aliyesahau giza la Mei 2008, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010 hapa Unguja. Njia za habari nazo hukatika: Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, intaneti ya Tanzania nzima iliyumba. Kwa hiyo Pemba iwekewe proksi, yaani msaidizi anayekusanya habari za hapo hapo na kuziweka mpaka njia irudi. Tunawatanabahisha mafundi kuwa proksi ya Zabbix, ikiachwa kama ilivyokuja, huweka habari za saa 1 tu pale njia inapokatika. Inaweza kupangwa hadi saa 720. Zaidi ya hayo, proksi hukusanya tu, haipigi kengele. Njia ikikatika, fundi wa Chake Chake hatapata taarifa kutoka Unguja. Kwa ajili hiyo hospitali na bandari za Pemba zistahiki seva ndogo ya uangalizi ya kwao wenyewe. Kwa kuwa hapana leseni ya kununua, gharama yake ni mashine, betri na mtu wa kuitunza.

Jambo la mwisho ni funguo. Disemba 2020 ilibainika kuwa wahalifu walitia sumu katika masahihisho ya programu ya uangalizi ya SolarWinds, na hadi wateja 18,000 waliyapokea, zikiwemo idara za Serikali ya Marekani. Haki inatutaka tuseme kuwa Linux nayo haikusalimika: Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa katika programu ya xz, ingawa haukuwahi kufika katika toleo thabiti la Debian. Mlinzi apewe ruhusa ya kutazama, asipewe ruhusa ya kubadilisha. SNMP itumike toleo la 3, lenye kuficha maneno ya siri, na kila sahihisho lijaribiwe kabla ya kuenezwa.

Tunawaomba wakuu wa taasisi, kabla ya kutia saini mkataba wowote, waulize maswali matatu: Njia ikikatika, Pemba itaona nini? Chumba hiki kikizimika, nani atatuambia? Mkandarasi akiondoka, ni kijana gani wetu atakayebaki na funguo? Mkataba usiojibu maswali hayo urudishwe. Mitambo hii ni amana ya wananchi, nasi tumefundishwa tangu chuoni kuwa ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.