NUSU YA DAWA NI JAMBO LA CHAMA



Wako wanachama waliotuuliza kwa nini kamati ya elimu ya tawi letu yataka kufundisha habari za dawa. Wasema kazi ya Chama ni mishahara, saa za kazi na kuwatetea wanaofukuzwa. Dawa ni kazi ya daktari. Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu hapa wazi wazi.

Tutazame jioni moja hapa Kitengela. Zamu imekwisha. Watu wanarudi kutoka viwanda vya nguo na vya saruji vya Athi River, wengine wametoka mashamba ya maua, na kandokando ya barabara ya Namanga maduka ya dawa yamewasha taa. Mwenzetu ana kikohozi cha wiki nzima. Hospitali hakwenda, kwa sababu kwenda hospitali ni kukaa foleni tangu asubuhi, na kukosa siku moja ya kazi ni kukatwa siku hiyo. Kwa kibarua wa mkataba wa mwezi mmoja mmoja ni zaidi ya hayo, maana mkataba ukifika mwisho huenda usitiwe sahihi tena. Basi anasimama mbele ya kaunta na kusema, "Nipe za kikohozi, zile za rangi mbili, nina mia tu." Muuzaji anahesabu vidonge sita, anavitia katika bahasha ndogo, anaandika kimoja mara tatu. Baada ya siku mbili dawa imekwisha, na kikohozi kipo pale pale.

Wakubwa wakisikia habari kama hii husema wafanya kazi ni wajinga. Sisi hatukubali. Mtu huyu amepiga hesabu ya mshahara, ya nauli na ya saa zake, na hesabu yake ni sawa. Asichokijua ni kimoja: kwamba vikohozi vingi na mafua yote huletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi hata ukimeza debe zima. Hilo hakuambiwa na mtu. Na kama kikohozi chake kilikuwa cha vidudu hasa, au cha kifua kikuu, vile vidonge sita havikumponya. Vilimcheleweshea matibabu tu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mapema. Alipopewa tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945 alieleza kwamba mtu akimeza dawa kidogo isiyotosha, vidudu haviuawi bali hufundishwa kuizoea; kisha humwambukiza mwingine, na huyo mwingine dawa haimfai. Sisi twaishi katika ploti, vyumba kumi na choo kimoja. Huyo mwingine ni mtoto wa chumba cha pili.

Katika vyuo vya dawa kuna somo liitwalo ufamasia wa jamii. Masomo mengine huuliza dawa imetengenezwa kwa kitu gani na hufanya nini mwilini. Somo hili huuliza dawa humfikia nani, kwa bei gani, nani anamweleza mgonjwa, na kwa nini mtu aliyepewa dawa haitumii kama alivyoambiwa. Yaani huuliza mambo ambayo sisi twayajua kwa kuyapata. Twaona si haki somo hilo likae chuoni peke yake.

Tena tusijifiche, sisi wenyewe tunayo makosa. Katika idara nyingi yuko mwenzetu mwenye mfuko wa vidonge vya maumivu, anauza kimoja kimoja ili watu wamalize zamu. Mgongo wa mshonaji unauma kwa sababu ameinama tangu asubuhi. Bega la mpakiaji wa saruji linauma kwa sababu ya mifuko. Anameza diklofenaki leo, kesho na keshokutwa, mara nyingi bila kula kitu, na dawa za namna hiyo zikimezwa hivyo siku nyingi huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Na huku nyuma kiti kibovu hakibadilishwi, wala hesabu ya vipande haipunguzwi, maana hakuna aliyelalamika! Kidonge kimemnyamazisha. Kama kuna jambo la dawa lililo la Chama kabisa, ni hili.

Wala mambo haya hayaishii mjini. Nenda Bissil siku ya soko la ng'ombe, au Kajiado penyewe, utaona mfugaji akitoka duka la dawa za mifugo na chupa ya oksitetrasaiklini. Anadunga mwenyewe, kwa kukisia. Chupa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa au nyama, lakini mtu aliyepoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023 atangoja nini? Akimwona ng'ombe hafifu anamtoa sokoni upesi, na nyama inakuja kwenye bucha zetu. Hatumlaumu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, Serikali ilipoanza kuachia huduma za mifugo mikononi mwa watu binafsi, daktari wa mifugo amekuwa mbali naye kama daktari wetu alivyo mbali nasi.

Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 katika hospitali zake. Mwaka 1989 ada ikarudi kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2013 ilifutwa katika zahanati na vituo vya afya, lakini ada kufutwa ni jambo moja na dawa kuwapo rafuni ni jambo jingine, kama ajuavyo kila mama aliyepewa karatasi akaambiwa akanunue nje. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima mpya ya afya, na tajiri haongezi hata senti juu yake.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 twaijua nusu nusu. Kifungu cha 30 champa mfanya kazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri ahakikishe wafanya kazi wake wana dawa za kutosha wanapougua. Twajua jibu litakalotolewa: kifungu hicho hakimshiki pale mfanya kazi anapotibiwa kwa bima iliyowekwa na sheria. Vema. Basi pale bima isipotoa dawa, tuiandike dawa katika mapatano yetu, pamoja na saa za kwenda hospitali bila kukatwa.

Watu husema maduka ya mitaani hayawezi kutengenezwa. Ng'ambo ya Namanga wamejaribu. Tanzania ilianza mwaka 2003 katika mkoa wa Ruvuma kuyageuza maduka ya dawa baridi kuwa Duka la Dawa Muhimu, wauzaji wakafundishwa na kupewa orodha ya dawa walizoruhusiwa kuuza. Mpango huo ulienea nchini. Kwetu ipo Sheria ya Madawa na Sumu, Sura ya 244, tangu 1957, na ipo Bodi yake. Tuizoee desturi ya kutazama kama cheti cha Bodi kimetundikwa ukutani kabla ya kutoa pesa.

Kamati yaomba mambo mawili. Masomo yawe jioni moja kwa mwezi, baada ya zamu ya mchana, na tumealika mfamasia aje kutufundisha. Na wajumbe wa kila idara walete kwenye mkutano wa tawi karatasi za dawa walizoambiwa wakanunue nje, na risiti kama zipo, tangu Januari hadi sasa. Majina yakatwe. Twazitaka mezani tutakapokutana na tajiri juu ya mapatano mapya.