Mafahali wagawana televisheni, kijana aumia

KIJANA wa Kariakoo anajinyima, anaazima kamera iliyotoka Marekani, anatengeneza filamu yake. Anaipeleka kituoni, anaambiwa: "Haifai, picha zinarukaruka." Kosa lake nini?

Kosa limeanza zamani. Mwaka 1953 Marekani ilipitisha mfumo wake wa rangi, NTSC: mistari 525, picha karibu 30 kwa sekunde, kulingana na umeme wao wa mizunguko 60. Mwaka 1967 Ujerumani Magharibi ikaanza kurusha PAL: mistari 625, picha 25, umeme wa mizunguko 50. Mwaka huo huo Ufaransa ikaja na SECAM yake. Wakubwa wakagawana dunia, sisi tukaangukia PAL.

Dar es Salaam ilizima analojia Desemba 31, 2012. Tukadhani yamekwisha. Wapi! Mistari ilikwenda, 25 na 30 zimebaki. Simu nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa 30. Ukizigeuza kuwa 25, katika kila picha sita moja inatupwa, na mwendo unakatika.

Kijana, weka 25 kabla hujapiga picha ya kwanza.

Lakini tusimbebeshe mnyonge mzigo wote. Kituo kinachoendeshwa kwa kodi za wananchi kibandike masharti yake mlangoni, na kazi nzuri yenye kasoro hiyo kiigeuze kwa mitambo yake, iliyonunuliwa kwa jasho letu. Sharti lililofichwa si sharti. Ni ukiritimba.